Mawaziri Watatu na Kifundo cha Kahambu

Mwaka 2011 Ubelgiji ilikaa bila serikali mwezi hadi mwezi, na Wabelgiji waliendelea kuamka, kupanda tramu na kulalamikia mvua kama kawaida. Sisi Wakongo wa benchi la Galerie d'Ixelles, jumba la maduka katika mji mkuu, hatukuona pengo lolote, maana tulikuwa na mawaziri wa afya watatu, wote wako kazini kuanzia saa nne asubuhi. Benchi lenyewe lilitoka kwenye kanisa moja la Koekelberg lililokuwa likibadilisha viti, tukaliweka nje ya saluni ya Kahambu, mwanamke wa Butembo ambaye amesuka nywele hapo kwa miaka kumi na moja. Kioo cha saluni kiko nyuma ya migongo yetu, harufu ya mafuta ya nywele inatufikia bure, na kahawa inatoka ndani, kwenye thermosi kubwa ya chuma ya lita tatu, ile ya kufungua kwa kuzungusha kifuniko. Hivyo ndivyo serikali yetu ilivyoendeshwa.

Waziri wa kwanza alikuwa Hilaire, jina la kijiweni Première Année, yaani Mwaka wa Kwanza. Alisomea udaktari Lubumbashi mwaka mmoja tu, 1989, na mwaka ule umemtosha hadi leo. Wa pili ni Kazadi, tunamwita Boulon, yaani Bolti, fundi wa magari tangu Likasi, ambaye kwake binadamu ni gari lisilo na namba. Wa tatu ni Josias, shemasi wa kanisa la uamsho. Yeye ni Trois Jours, kwa sababu kila ugonjwa kwake unadai mfungo wa siku tatu, wa mgonjwa, si wake. Mimi wananiita Greffier, karani wa mahakama, kwa kuwa nakumbuka kila walichosema. Tabia hiyo hawaipendi, ila kiti changu hawajakiondoa.

Sasa jambo lenyewe. Kifundo cha mkono wa kulia wa Kahambu kilikuwa kinamuuma tangu Novemba. Daktari wa mtaani alisema mishipa imechoka, akampa vidonge na kitambaa kigumu cha kufungia. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Maumivu yakazidi, akawa hawezi kukamua taulo, kitana kinamdondoka katikati ya kichwa cha mteja. Mwishowe akatumwa hospitali ya Uccle kwa bingwa wa mikono, mama mfupi asiyecheka, ambaye alimwingiza kwenye ile mashine ya picha inayogonga kama mafundi wa bati. Akarudi Jumatatu na bahasha kubwa na karatasi ya kusaini. Alitumiminia kahawa kwanza, kisha akampa Hilaire bahasha. Simlaumu, mtu akiwa na hofu humpa bahasha yake yeyote mwenye miwani.

Première Année alivaa miwani, akainua picha kwenye taa ya dirishani, akakunja uso kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa nyumba.

—Bon, akasema. Minaona shida.

—Wapi? akauliza Boulon.

—Hapa. Hii mukono ya gauche iko mbaya kabisa.

—Papa Hilaire, ni ya kuume njo inaniumaka, akasema Kahambu.

Akaigeuza picha. Tulikuwa tumekwisha kuuhuzunikia mkono usiougua kwa dakika kumi.

Basi Kahambu akaeleza mwenyewe alivyoelezwa Uccle, na alieleza vizuri kuliko sisi tulivyosikiliza. Katikati ya kifundo cha mkono kuna kafupa kadogo, umbo lake kama mwezi mchanga. Kafupa hako damu haikafikii tena, kanakufa polepole ndani ya mkono ulio hai. Ugonjwa huu ni nadra, ndiyo maana picha ya kwanza haikuuona, na hakuna anayejua kwa hakika unaanzaje. Lakini kwake, kati ya mifupa miwili ya mkono inayofika hapo, ule wa upande wa kidole gumba umezidi mwenzake kidogo, na kila akibana kitu, unakagandamiza kale kadogo. Kwa hiyo daktari anataka kuukata huo mrefu, atoe milimita mbili, aunganishe kwa kipande cha chuma na skrubu, ili kale kagonjwa kapumzike. Kenyewe hatakagusa. Mpaka kapone, asinyanyue kitu kizito na asizungushe kifundo. Na jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki inayofuata, kwa sababu kafupa bado kana umbo lake. Kakishapondeka, upasuaji huu hautafaa kitu, itabaki kukifunga kifundo kisipinde tena maisha yote. Msusi asiyeweza kupinda kifundo ni kama mpishi asiyeweza kushika mwiko.

Wenzangu walisikia kitu kimoja tu katika hayo yote.

—Attends, akasema Trois Jours. Mufupa gani iko mugonjwa?

—Ile kadogo, akasema Kahambu.

—Na banataka kukata gani?

—Ile mukubwa.

—Ile mukubwa iko na shida gani?

—Haina na shida. Iko tu murefu.

Trois Jours akaweka kikombe chini.

—Donc, akasema Trois Jours, jirani anaiba, na police inakuja kunifunga miye.

Boulon akanyoosha kikombe. Kahambu akamimina. Hapo fundi akasema tumwachie yeye, maana haya ni mambo ya ufundi na sisi tunaongea kama watu wa sokoni.

—Muntu iko sawa motokari, akasema. Pale ndani ya mukono ni beringi. Sasa kama shafti iko murefu, inafinya beringi. Inafinya, inafinya, mafuta haipite, beringi inakauka, inapasuka. Ku Likasi tulikuwa nafanya nini? Hatukuwa nagusa beringi ata kidogo. Tulikuwa nakata shafti, kidogo tu, deux millimètres...

Akakatisha. Tukamtazama. Alikuwa amesema neno kwa neno alichosema mama wa Uccle, na ubaya ni kwamba alijisikia mwenyewe.

—Lakini ile ni motokari, akaongeza haraka. Muntu haiko motokari.

Dakika mbili kabla alikuwa gari. Lakini kijiweni ukikubaliana na daktari, utaongea nini kesho?

Kesho yake Première Année alikuja na hoja ya unyevu. Alisema Ubelgiji ina maji ndani ya kuta, na maji hayo hupanda kupitia miguu, yakikosa njia ya kutokea hujikusanya kwenye kifundo. Nikamuuliza kwa nini Wabelgiji wenyewe hawajalowa. Akasema wao wamezaliwa wamelowa. Jumatano akahamia kwenye simu, kwamba Kahambu anaishika kwa mkono wa kulia na mawimbi yanakausha damu. Kahambu akasema simu anaishika kwa bega la kushoto, kwa vile mikono yote iko kwenye kichwa cha mtu. Première Année akajibu kuwa ndiyo hatari zaidi, mawimbi yanapita yote mwilini yakitafuta mkono. Kikombe chake kilijazwa tena, akashukuru kwa Kifaransa.

Trois Jours hakuamini unyevu wala mawimbi. Yeye alitaka kujua nywele za nani zilisukwa Novemba. Alidai kuna mteja aliyeleta nywele zenye neno ndani yake, na neno likapanda kwa vidole likakaa pale katikati. Akataka majina. Kahambu akasema Novemba alisuka vichwa zaidi ya mia, wakiwemo dada wa Trois Jours na mke wa mchungaji wake. Shemasi akaona ni busara kuacha majina na kwenda moja kwa moja kwenye maombi. Alikishika kile kifundo kwa mikono miwili, akakibana kwa imani yote aliyonayo, na ana mikono ya mtu aliyebeba saruji ujanani. Machozi yakamtoka Kahambu. Josias akayachukua kuwa ushahidi kwamba kitu kinatoka.

—Unasikia inatoka?

—Nasikia inauma, papa.

—Njo vile, akasema. Inauma juu inatoka.

Ijumaa ya wiki ya kwanza ndipo mambo yalipofika bungeni.

—Nani iko ministre ya santé hapa Belgique leo? akauliza Première Année.

Nikasema yupo wa zamani, anashika nafasi tu mpaka watakapokubaliana.

—Voilà. Hakuna gouvernement, hakuna contrôle. Muganga akitaka kukata deux millimètres, anakata deux. Akitaka cinq, nani atamukataza?

—Na ile inakatwa, akasema Trois Jours polepole, inakwendaka wapi?

—Ile nini?

—Ile deux millimètres. Beko na mille malades. Kila muntu banatoa deux millimètres. Fanya calcul.

Boulon akazidisha milimita mbili kwa wagonjwa elfu moja kwa vidole, akatazama juu.

—Deux mètres, akasema.

—Muntu murefu, akasema Trois Jours. Sasa ile muntu iko wapi?

Nilicheka mpaka kahawa ikanipanda puani. Nikageuka kumtafuta Kahambu ili tucheke wote. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, hacheki. Ile karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, imekunjwa mara nne, na tangu Jumatatu ilikuwa inazidi kukunjwa. Pale nikajua kwamba tunachokiita mazungumzo, yeye anakipokea kama ushauri.

Siku iliyofuata nilifika mapema kuliko wote. Kahambu alikuwa peke yake, ameibana thermosi katikati ya magoti, anazungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto, meno yameuma mdomo. Nilimsalimia, nikaketi, nikasubiri ifunguke. Akaniletea kikombe, kisha akaketi pembeni yangu, jambo ambalo halifanyi kamwe, kwa sababu saluni haina msusi mwingine.

—Greffier, weye unashikaka yote mu kichwa, akasema. Uniambie. Nisaini?

Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje.

—Niko naogopa, akasema. Nikiwa na plâtre, ile plasta ngumu, mukono italala miezi, baclient batakwenda kwa wengine. Nikikataa, mukono itakufa. Na kila siku papa Hilaire analeta ingine maneno. Hii mukono njo ilinitoa ku Butembo, njo inalisha mutoto yangu Océane ku masomo. Sina ingine.

Nilitakiwa kusema kitu. Nilikuwa nimeisoma ile karatasi, nilikuwa nimemsikia Boulon, nilijua. Nikasema asubiri kidogo, tuwasikie wazee kwanza. Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo naona aibu, na aibu yenyewe haijapungua kwa kuwa nilikunywa ile kahawa mpaka chini.

Wazee walikuja, wakaleta wazo kubwa kuliko yote. Trois Jours ana mjomba kule kwetu, upande wa Lubero, mfungaji wa mifupa, mtu ambaye amenyoosha miguu ya walioanguka kwenye paa na pikipiki kwa miaka arobaini. Njia yake kila Mkongo anaijua. Mgonjwa akivunjika muundi, mzee anamvunja kuku mguu mahali palepale, anawafunga wote wawili kwa majani na vijiti, mtu na kuku. Siku kuku akitembea, mtu naye anafunguliwa. Msiicheke njia hiyo. Mjomba wangu mwenyewe alitembea baada ya kuku wake, na walikuwa wanachechemea mguu uleule.

Wakanunua kadi ya simu, wakakwangua namba, wakaweka sauti juu ili benchi zima lisikie. Mzee wa Lubero alipokea kwa adabu, akauliza habari za baridi, akauliza mgonjwa ameangukia wapi.

—Hakuanguka, mujomba, akasema Trois Jours.

—Sasa imevunjika vipi?

—Haikuvunjika. Iko nakufa tu ndani.

Tukasikia jogoo kule Lubero, kisha mzee akarudi.

—Mutoto yangu, miye nafungaka yenye kuvunjika. Yenye kufa ndani sijuake. Kwenu huko haiko hospitali?

Trois Jours akaitazama simu.

—Laini ni mbaya, akatuambia, akakata.

Laini ilikuwa nzuri kuliko ya hapa hadi Anderlecht. Kote tulikopita, mtu wa kwanza kukiri kwamba hajui alikuwa yule mzee, na ndiye pekee tuliyemkatia simu.

Jumapili walikwenda sokoni Anderlecht, pale machinjioni, wakarudi na kuku mweupe ndani ya boksi la ndizi lenye matundu. Jumatatu kuku akawekwa chini ya benchi. Alikuwa mnyama mtulivu, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kuona vikao vingi. Sasa ikabidi waziri wa ufundi, waziri wa tiba na waziri wa maombi waamue wapi pa kuvunja, na ndipo kazi ikawa ngumu.

—Mukono ya kuku iko wapi? akauliza Boulon.

—Aile, akasema Première Année. Bawa njo mukono. Mu première année tulipasua njiwa.

—Na kifundo?

Première Année akalivuta bawa, akalikunjua, akalikunja. Kuku akamwacha.

—Hapa, akasema. Ao hapa.

—Na kafupa ka mwezi?

Première Année akalirudisha bawa mahali pake. Boulon akauliza pia, kwa upole wa fundi, kuku akipona watajuaje, maana kuku mzima haruki angani wala hasuki nywele. Trois Jours akasema wasitangulize mashaka. Wakakubaliana avunjwe. Hapo pakatokea shida nyingine, ni nani atamvunja. Première Année akasema mikono yake ni ya kutambua, si ya kutibu. Boulon akasema yeye ni wa chuma. Trois Jours akasema shemasi hamwagi damu, akakumbushwa kwamba kuvunja si kumwaga, akakumbuka ana mkutano. Kuku akakaa chini ya benchi siku tatu, akila mikate yetu, na Jumatano akataga yai. Lilikuwa tendo pekee lenye manufaa lililofanywa na kijiwe chetu mwezi ule.

Alhamisi, siku moja kabla ya tarehe ya karatasi, akaja mteja ambaye hatukumjua. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye viatu vyeupe vya kazini. Alijitambulisha kwa jina la Mathilde, kwao Bukavu, anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya Koekelberg, katumwa na rafiki yake asukwe mistari. Kahambu alisema atasuka, ila taratibu, akamwomba asubiri amalize kichwa kilichopo. Saluni haikuwa na nafasi, basi Mathilde akaketi nasi benchini, miguu juu kidogo kwa heshima ya kuku.

Mgeni ni zawadi. Waziri hawezi kujieleza kwa waziri mwenzake, lakini mgeni hajasikia chochote. Wakaanza. Wakamweleza kafupa, mwezi mchanga, unyevu wa kuta, mawimbi, nywele za Novemba, yule mtu wa mita mbili, mzee wa Lubero mwenye laini mbaya, na mwisho kuku. Walieleza vizuri sana, kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Katikati ya maelezo vikombe viliisha, na Kahambu akatoka ndani na thermosi. Aliibeba kwa kuikumbatia, kama mtu abebavyo mtoto aliyelala. Akaiweka ukingoni mwa benchi, akaibana kwa goti, akazungusha kifuniko, akainua, akamimina. Hilaire. Kazadi. Josias. Mimi. Kila kikombe mdomo wake ulikuwa unakaza, na kila kikombe Première Année aliendelea kuongea juu ya mishipa ya damu. Akarudi ndani.

Mathilde alikuwa amekataa kahawa. Alimsikiliza Hilaire mpaka mwisho, maana kazi yake imemfundisha kusikiliza wazee.

—Bapapa, munisamehe, akasema. Mumesema muganga alimukataza kubeba kintu kizito na kuzungusha mukono?

—Exactement, akasema Première Année.

—Tangu wiki ngapi?

—Deux semaines sasa.

—Alors, ile kahawa, nani anawabebeyaka?

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujaza fomu.

Nimekaa kwenye benchi lile miaka saba. Nimesikia maswali juu ya kodi, juu ya mwisho wa dunia, juu ya aliyemloga golikipa wa timu ya taifa, na hakuna swali hata moja lililokosa majibu manne. Hili lilikosa. Hilaire alivua miwani akaifuta. Josias aliinama kumtazama kuku. Boulon aliangalia thermosi kwa muda mrefu, kwenye kile kifuniko, na nilimwona akihesabu kichwani: vikombe vinne, mara ngapi kwa siku, siku ngapi, na shafti inafinya kila mara. Mimi nilikuwa na kikombe changu mkononi, kimejaa, cha moto, na sikujua pa kukiweka.

Mlango wa saluni ulikuwa wazi. Kahambu alikuwa amesikia. Alitoka bila taulo, akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua mikunjo yote minne, na tangu siku ile ya kwanza hakuna mtu aliyekuwa ameiona imekunjuka.

—Maman Mathilde, akasema, weye unajua bale bagonjwa banakatwa mifupa. Banapona?

—Wengine banapona muzuri, akasema Mathilde. Wengine nusu. Siwezi kukudanganya. Lakini wenye kungoja, nabaona pale kwetu mu fauteuil, mukono haifanye tena kazi.

—Aksanti, akasema Kahambu. Na miye nataka tu muntu asinidanganye.

Akaomba kalamu. Mimi, karani wa mahakama, sikuwa na kalamu. Mathilde alikuwa nayo. Kahambu aliweka karatasi kwenye benchi, katikati ya vikombe vyetu, akasaini kwa mkono wa kulia, pole pole, jina lote, Kahambu na la baba yake pia, na alipomaliza alipuliza hewa kama mtu aliyetua ndoo. Kisha akaketi palepale kati ya Josias na Hilaire, wakasogea.

—Kesho nitaenda Uccle asubuhi, akasema. Sitafungua.

Tukaitikia kwa vichwa, mawaziri wote kwa pamoja, kana kwamba wametia muhuri. Première Année akaanza kusema kwamba hata yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka juu ya ule unyevu. Alinyoosha kikombe huku akiongea, kwa mazoea tu, mkono wake haukuwa na nia mbaya.

—Kahawa imeisha, akasema Kahambu. Hakuinuka.

Boulon ndiye aliyesimama. Aliichukua thermosi kwa mkono mmoja, akaingia ndani ya saluni kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe pale, tukamsikia akifungua kabati moja, akalifunga, akafungua jingine, kitu cha plastiki kikaanguka. Kuku alinyoosha shingo kusikiliza. Kisha Boulon akatokea mlangoni na thermosi yake tupu, uso wa fundi aliyeitwa kwenye gari asilolijua.

—Kahawa inawekwaka wapi? akauliza.

Alituuliza sisi, si Kahambu. Tukatazamana, watu wanne tuliokuwa tumezijua ndani ya wiki mbili njia zote za damu katika mkono wa mwanamke yule, na hakuna aliyejua.